Gundi, Mafuta ya Nazi na Malkia wa Nyuki

Majira ya baridi yale nilikuwa malkia wa nyuki. Mchezo ulikuwa wa watoto, maonyesho mawili kwa siku, asubuhi na mchana, katika ukumbi mdogo wa London uliojaa makoti yaliyolowa. Kazi yangu ilikuwa kuimba nyimbo tatu, kuruka kamba, na kubeba kichwani wigi la manjano lililosimama wima kama birika la kahawa.

Wigi lilishikwa na gundi. Fundi wa mawigi, Mwingereza wa makamo aliyezungumza huku pini zimejaa mdomoni, alinipaka gundi kwenye paji la uso na mbele ya masikio, akabandika wavu wa mbele wa wigi, akaniambia nisikunje uso. Baada ya kila onyesho aliubandua wavu ule pole pole. Hata hivyo haukuwahi kutoka mtupu.

Mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, basi nikafungua daftari. Jumanne: nywele nne, upande wa kulia. Jumatano: saba, na mbili kati yake zina mizizi. Nilizibandika kwenye ukurasa kwa gundi ya karatasi. Kufika wiki ya tatu daftari langu lilikuwa na ndevu.

Nilikuwa na sababu ya kuhesabu. Mama yangu, kule Unguja, aliimba taarabu ujanani. Kila shughuli alivutwa nywele mpaka zikakazika, akabanwa juu yake nywele za bandia nzito. Nywele zake za mbele zilikwenda na hazikurudi. Sasa hushusha ushungi mpaka karibu na nyusi, hata mbele ya dada zake. Nilipomuaga kuja huku alinipa agizo moja tu: "Jukwaani fanya utakalo. Lakini paji lako urudi nalo lile lile." Na mimi kwenye kioo nilikuwa naliona likipanda, siku hadi siku.

Jumapili nikapanda treni ya chini ya ardhi hadi Kilburn, kwa mama mdogo. Ni karani wa zahanati, mtu wa faili na mihuri, lakini kabati lake la jikoni lina mbuzi ya kukunia nazi, na mafuta ya kichwa huyapika mwenyewe. Nikakaa kwenye zulia baina ya magoti yake.

"Nani kakusuka hivi?"

"Mwenyewe, Mama mdogo."

"Umejisuka au umejifunga kama mzigo wa kuni? Macho yamevutwa mpaka unaonekana umeona jini."

Akafumua yote, akanisuka twende kilioni, mistari ya kwenda nyuma moja kwa moja, ile ya mwanamke aliyepata habari ya msiba na hana muda wa urembo. "Na hii haikazwi," akasema. "Mtu anakwenda kulia. Kichwa kitamuuma huko huko."

Kisha akachukua chupa ya mafuta. Alianza na njia za mistari, akashuka kwenye paji, akazunguka masikio. Nilihisi yananifikia kwenye kola ya nguo.

"Ndipo penye maradhi," akasema. "Na kila asubuhi upake tena kabla ya kutoka."

"Na gundi je?"

"Gundi itajijua."

Niliiandika hiyo kwenye daftari pia, kama ushauri wa daktari.

Jumanne asubuhi nikajipaka kama nilivyoagizwa. Fundi akanifuta paji kwa spiriti, akanusa hewa, akasema leo nanukia keki. Gundi ikakauka, nikatoka jukwaani. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili taa zikanichemsha, na mafuta yaliyokuwa yamejificha kwenye ngozi yakaanza kutoka. Nikahisi ubaridi upande wa kulia, halafu wa kushoto. Ikafika zamu ya kamba. Niliruka, wigi likaruka nami. Nikashuka. Wigi likachelewa kidogo, kisha likaja kwa njia yake, likatua sikioni.

Mtoto wa safu ya mbele akanijulisha, kwa Kiingereza na kwa sauti ya msomaji wa habari, kwamba nywele zangu zinatoroka.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nami nikashikwa nacho, na malkia haruhusiwi kucheka katika ubeti ule. Wigi likaniteleza mikononi. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nikalipakata kama mtoto mchanga, nikalibembeleza kwa beti zilizobaki, huku kichwani nina ile kofia ya soksi ivaliwayo chini ya wigi na paji linaakisi taa. Walimu waliowaleta watoto walipiga makofi kuliko wanafunzi wenyewe.

Nyuma ya pazia fundi alikuwa ananingoja. Pini alizitoa mdomoni. Sikuwahi kumwona bila pini.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha familia."

Nilijua kazi imekwisha, kwa hiyo nikampa daftari, angalau ajue kwa nini. Akafunua kurasa moja moja, akapitisha kidole juu ya zile nywele.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

"Mimi nalipwa wigi likae," akasema. "Silipwi kuwanyonyoa watu."

Akanivua soksi, akaigusa mistari, akaivuta kidogo, akashangaa kwamba imelegea lakini haisogei. Siku ile ile akaukata wavu wa mbele, akashona mahali pake utepe mpana wa mahameli wenye pembe mbili za nyuki, na uzito wote akaupeleka kisogoni, kwa pini zilizojishika kwenye ncha za mistari. Gundi akaifungia sandukuni. Akaniambia aliyenisuka asibadilishe chochote.

Salamu hizo nilizifikisha Kilburn. Mama mdogo alizipokea kama cheti. "Si nilikwambia itajijua?"

Daftari likakaa tupu wiki sita. Ya saba mama mdogo akavaa miwani, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi ni nywele au ni vumbi?" Akazipuliza. Hazikuruka.

Tukampigia mama kwa video. Nikaisogeza simu mpaka paji likajaa kioo kizima, na vinywele vifupi vimesimama kando kama manyoya ya kifaranga. Mama akaurudisha ushungi wake nyuma ya masikio, mbele ya mdogo wake, akasogeza paji lake lililo wazi karibu na simu, tukalinganisha.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Sasa punguza hayo mafuta, mwanangu. Unang'aa kama kitumbua."