Bata Walioona Dhahabu Nyarugusu

Ngoja nianze na aibu yenyewe, tumalizane nayo. Mwanangu wa mwisho, wa darasa la pili, amenisahihisha Kiingereza mbele ya mgeni. Na siyo Kiingereza kigumu. Ni neno la herufi mbili. Neno hilo nimelikosea tangu enzi zile nina kiuno cha kuvaa jinzi, tena kulikosea ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nirudi nyuma kidogo.

Mimi nimekulia kijijini, nje ya Shinyanga mjini, nyumba ya ng'ombe wengi na redio moja. Redio ilikuwa ya babu. Kipindi cha watoto kilikuwa Jumapili, na kazi yetu sisi wajukuu ilikuwa kuanika betri juani tangu Jumamosi ili zipate nguvu. Zikipata, tunasikiliza hadithi ya sungura mpaka sungura anaanza kuongea kama mzee mwenye mafua, halafu kimya. Mwisho wa hadithi hatukuwahi kuusikia. Magazeti ya katuni nayo yalitufikia yakiwa yamefungiwa maandazi. Unakula andazi, unalamba vidole, unasoma: jamaa kachapwa mwiko na mkewe, anakimbia, karatasi imekatika. Kaishia wapi? Hapo kila mtu anatunga mwisho wake. Wangu ulikuwa unapendwa. Sijisifu, nilikuwa mwongo mzuri tu.

Shule yenyewe niliisoma kama lile gazeti: kidato cha pili, karatasi ikakatika.

Nikaenda Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kutafuta maisha. Kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, nilishuka mara moja tu, nikapandishwa nalia. Bahati yangu mwenye banda la video akasikia nimegusa sekondari. Banda lilikuwa la mabati na turubai, mabenchi ya mbao, jenereta nje inakohoa. Filamu za mapigano za wakubwa zilikuwa na mtafsiri wao. Jumapili mchana alitaka kuwawekea watoto katuni, ila katuni yenyewe ilikuwa ya Kiingereza.

"Kijana, Kiingereza unakijua?"

"Sana."

Akanipa maiki.

Katuni ilikuwa ya bata watatu wanaofukuzwa na mbweha mwenye suruali fupi. Kila mbweha akitokea, bata mkubwa anapiga kelele, "Go! Go! Go!" na wote wanatoka mbio. Sasa hiyo go mimi nimeisikia wapi? Neno nililolijua ni la kwenye kibao cha mnunuzi wa dhahabu pale senta, limeandikwa gold kwa rangi ya njano. Na sisi kwetu herufi za mwisho za Kiingereza huwa tunaziachia njiani. Nikaona ni lile lile. Nikaishika maiki vizuri: "Dhahabu! Dhahabu! Duara limetema! Kimbieni kabla wengine hawajasikia!"

Banda nusura lianguke. Kwa watoto wa Nyarugusu hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Walishawaona baba zao wakiacha ugali unafuka moshi na kukimbia hivyo hivyo, kisa kuna tetesi shimo fulani limetoa mali. Basi mbweha nikamfanya mwenye leseni, anafukuza wavamizi kwenye eneo lake. Bata mdogo anayebaki nyuma nikampa Kisukuma: kila akiokolewa, anashukuru, "Wabeja!" Watoto wanaitikia banda zima, "Wabejaaa!" mpaka mama ntilie wa jirani naye anaitikia, mwiko mkononi. Jina nikapewa Ticha. Mimi huyu, wa karatasi iliyokatika.

Kanda ilikuwa moja, kwa hiyo tuliirudia Jumapili baada ya Jumapili. Hakuna aliyechagua, hakuna aliyeruka kipande. Walijua bata atajikwaa wapi, na bado walishika vichwa.

Siku hizi nakaa Kambarage, hapa Shinyanga mjini, nina kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu. Ya kwangu mwenyewe anaishika mtoto kuliko mimi. Katuni za sasa zina rangi mpaka macho yanawasha, na haziishi, moja ikikaribia kumalizika nyingine imeshaingia. Anavaa hedifoni, anacheka peke yake. Hapo ndipo panaponiuma. Katuni ni nzuri tu, na Kiingereza anakijua kweli, shule inamfundisha. Ila mimi nimezoea kicheko cha banda, na pale kwenye kochi kuna kicheko cha mtu mmoja. Nilikuwa nataka hata mara moja tu acheke na mimi.

Jumapili iliyopita akaja rafiki yangu kutoka Nyarugusu. Ni mtoto wa yule mama ntilie, zamani benchi la mbele kila wiki. Sasa ana ndevu, ana watoto, ana karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu.

"Shikamoo, baba," mtoto akamsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwomba mtoto avue hedifoni, nikaanza kuwatafuta bata wangu kwenye simu. Nikawapata! Rangi imefifia, lakini suruali ya mbweha ni ile ile. Nikasimama kabisa, kijiko cha chai ndiyo maiki. Bata mkubwa akafungua mdomo, na mimi wangu.

"Dhahabu! Dhahabu! Duara limetema!"

Mtoto akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. "Baba, hajasema dhahabu."

"Kasema."

"Kasema go. Go ni nenda. Dhahabu ni gold."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo, baba. Ile ina l, ina d." Akaniandikia hewani kwa kidole, polepole, ili nielewe.

Mke wangu akakimbilia jikoni. Nikasikia masufuria yanacheka naye. Mtoto akavaa hedifoni zake, kikao kikafungwa. Mimi nikakaa chini na kijiko changu. Kumtazama mgeni niliogopa. Utoto wake wote ulikuwa umesimama juu ya Kiingereza changu.

Wakati wa kuondoka nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki yake. Tumefika, nikamwambia. "Kumbe ilikuwa nenda."

Akacheka mpaka akashikilia usukani. "Ticha, unadhani tulikuwa hatujui? Mwalimu wetu wa darasa la tatu alishatuambia go ni nenda. Tukaja banda, tukakuta unaumwa malaria, mwenye banda kaiweka katuni hivyo hivyo bila wewe. Tulitoka wote katikati, tukaenda kucheza mpira." Akapiga kiki, pikipiki ikawaka. "Mimi wanangu mpaka leo, nikitaka waje kula, nasimama mlangoni napiga kelele, dhahabu! dhahabu! Wanakuja mbio wanasukumana. Jaribu kesho kwa huyo wako. Ila mvue hedifoni kwanza."