Salfa Kwenye Amplifaya ya Baba

Binamu yangu alipofungua stoo yake kule Makote, kitu cha kwanza nilichokiona ni manjano. Sakafu ya manjano, kuta za manjano, hata utando wa buibui ulikuwa wa manjano. Mwenye mikorosho yeyote huku kwetu anaijua hali hiyo: msimu wa kupulizia dawa ukianza, unga wa salfa unaingia mpaka kwenye chumvi. Mifuko ilipangwa ukutani, na chini ya mifuko, ikiwa imelazwa kifudifudi kama benchi, ilikuwepo amplifaya ya marehemu baba yangu.

"Nimeipa kazi," binamu akasema. "Mifuko ikikaa chini inashika unyevu."

Nilitaka kumpiga. Sisemi kwa kutia chumvi, mkono wenyewe uliinuka. Yeye akacheka, maana kwetu binamu ni mtani wako, na mtani hakasirikiwi. Ndiyo ngao yake tangu utotoni. Akikumwagia uji ni utani, akikuvunjia sahani ni utani, na sasa amegeuza chombo cha mjomba wake kuwa kichanja cha dawa ya mikorosho, nao pia ni utani.

"Binti wa mjomba, kwani mashine ya kuimba inaogopa salfa?"

Asiyejua maana haambiwi maana. Nilimwambia ashushe mifuko yake, na nikasimama pale mpaka akaishusha yote.

Baba alikuwa mpiga gitaa la solo. Ujanani alipiga katika bendi ya dansi pale Newala, na bendi ilipovunjika kila mtu aliondoka na chombo alichozoea. Yeye aliondoka na gitaa na amplifaya, akarudi Lulindi, akaoa, akaanza kupiga kanisani. Wazee wa kanisa walinung'unika kidogo mwanzoni, kwamba sauti ile ina harufu ya pombe. Baadaye wakawa hawataki sikukuu ipite bila yeye.

Ilikuwa amplifaya ya valvu. Kwa ambaye hajawahi kuiona: ndani yake mna vichupa vya kioo, na ndani ya kila kichupa mna waya unaowaka mwekundu kama kaa la jikoni. Ukiiwasha haitoi sauti papo hapo, unasubiri vichupa vipate moto. Wapiga ngoma wetu nao hawaanzi mpaka ngoma zimeoteshwa moto na ngozi zimekaza, na hakuna anayewaharakisha. Lakini amplifaya ikisubiriwa kidogo tu, watu wanaguna kwamba ni mbovu.

Sauti yake sijaisikia penginepo. Ukigusa uzi taratibu ilitoka safi na nene. Ukikaza mkono haikupiga kelele, ilivimba, kisha ikaanza kukwaruza pembeni, kama koo la mtu aliyeimba usiku kucha na bado anataka kuimba. Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Masasi aliniambia simu yake ina programu inayotoa sauti hiyohiyo. Nikamjibu kwamba simu yangu nayo ina picha ya ugali.

Mimi ndiye mtoto pekee wa baba aliyejifunza gitaa. Kaka zangu walikimbilia mpira na biashara, mimi nikakaa naye barazani nikimpigia ridhimu. Hakuwa mwalimu mpole. Nikibadili kodi, yaani mpangilio wa vidole kwenye nyuzi, kabla ya sauti yake kuisha alinyamazisha nyuzi kwa kiganja na kunitazama mpaka niseme samahani. Nilikua, nikaolewa Masasi, nikaanza kushona nguo kwa ajili ya kula, na bado kila sikukuu nilikwenda Lulindi kupiga naye. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua amplifaya ile kama mimi. Nilijua swichi ipi inashikwa kwa kitambaa, na upande upi haufai kuegemezwa ukutani.

Basi alipofariki, tukaanua tanga, ndugu zake wakaketi kugawa vitu vyake. Siku hizi wengi wanaandika wosia na watoto wanarithi, lakini upande wa baba wameshikilia ya zamani: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na vitu vya mwanamume vinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Amplifaya ikaenda kwa binamu, mtu asiyejua kupiga hata kengele ya baiskeli.

Nilisimama katikati ya kikao nikasema haiwezekani. Shangazi, mama yake binamu, alinitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko tusi.

"Mwanangu, damu nzito kuliko maji," akasema. "Wewe una kwenu."

Kwetu! Nimemfulia kanzu zake, nimemuuguza, nimemwosha miguu, halafu naambiwa nina kwetu. Mama alinivuta upindo wa kanga nikakaa. Nilijifariji kwa jambo moja tu: baba hakuulizwa. Maradhi yalimbana, hakupata nafasi ya kusema. Angepata nafasi, niliamini, angeutaja mkono wangu. Nilikaa na imani hiyo mwaka mzima, na hasira zangu zote nikazielekeza Makote.

Mwaka ulipotimia tukapanga siku ya kubariki msalaba wa kaburi. Mama aliniita akaniambia ana ombi moja.

"Nataka apigiwe na chombo chake. Nikisikie mara moja tena, basi."

Nikamwambia atakisikia. Ndiyo sababu nilikwenda Makote, ndiyo sababu nilimeza matusi yangu nikaifunga amplifaya kwenye bajaji, na ndiyo sababu niliteremka nayo kutoka uwanda wa juu wa Newala hadi Masasi nikiishika kwa mikono miwili njia nzima, nguo yangu nyeusi ikiwa imegeuka manjano.

Nilifungua mgongo wake juu ya meza ya cherehani. Salfa ilikuwa imejaa kila kona. Miguu ya valvu, vile vipini vya chuma vinavyoingia kwenye soketi, ilikuwa imegeuka myeusi tititi, maana salfa hula chuma kimyakimya. Nilisugua kwa mswaki na spiriti, nikakwangua kwa kifutio cha watoto, nikapuliza mpaka kichwa kikauma. Kila kipini kilichong'aa nilimtukana binamu, kila ambacho hakikung'aa nilimtukana mara mbili. Mume wangu akaniambia hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Nikamwambia yeye akapike.

Jirani yangu ni fundi redio, akaja akaitazama, akasema umeme unapita lakini soketi zimeoza ndani, nisiipige muda mrefu wala kwa nguvu. Tukaiwasha. Tulisubiri. Vichupa vikaanza kuwaka kimoja kimoja. Nikachomeka gitaa langu, nikagusa uzi wa tatu taratibu.

Ilikuwepo. Ilikwaruza mahali pasipostahili, ilikuwa na mchakacho kama wa mvua juu ya bati, lakini chini ya mchakacho alikuwepo yeye, unene wake uleule. Nilipiga kidogo, kwa sauti ya chini, nikaizima haraka mithili ya mtu anayefunika chakula cha mgonjwa. Sikutaka kuimaliza. Ilikuwa ya mama.

Siku yenyewe Lulindi ilijaa watu. Msalaba ulikuwa umejengwa siku iliyotangulia, saruji bado mbichi. Tulivuta waya wa umeme kutoka nyumba ya padri mpaka makaburini. Mama aliwekwa kwenye kiti mbele kabisa, na binamu naye alisimama mbele, kavaa suti, maana ndiye mrithi. Niliwasha mapema ili ipate moto vizuri. Padri akaanza ibada, shemasi akatikisa chetezo, ubani ukapanda. Hotuba zikarefuka kuliko tulivyopanga, na vichupa vikazidi kupata moto.

Ile salfa iliyobaki mle nisimoweza kufika, chini ya soketi na nyuma ya transfoma, ikaanza kuungua.

Aliyewahi kuvuta moshi wa salfa anajua. Hauji kama moshi, unakuja kama kofi. Kwanza wazee walidhani ni ubani mbaya, wakamtazama shemasi. Kisha soprano wakaanza kukohoa, padri akafunika pua kwa stola yake ya shingoni, watoto wakakimbia. Mimi niliruka kwenye nyuzi, nikijiambia hata kipande kimoja, kipande kimoja tu asikie. Nikapiga. Ikatoka ngurumo, kisha mlio kama chupa iliyokanyagwa, kisha kimya. Vichupa vilizimika vyote. Mama alikuwa amejifunika kanga usoni na anakohoa, na hakuwa amesikia chochote.

Binamu akasema kwa sauti, "Mjomba anatufukuza turudi mashambani tukapulizie."

Watu wakacheka. Walicheka kwa kukohoa, lakini walicheka. Nilimrukia nikamkamata ukosi wa suti. Nilimwita mwizi mbele ya padri, mbele ya shangazi, mbele ya kaburi lenyewe. Nikasema umemwibia marehemu, na ulichoiba umekiua. Kaka zangu ndio walioninasua. Kwaya ikaimba bila chombo, msalaba ukabarikiwa, wali ukaliwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake binamu hakutania, na hilo lilinikasirisha zaidi, maana nilitaka ajibu nimpige vizuri.

Jioni wageni walipoondoka, mama aliniita chumbani akafunga mlango.

"Si mwizi," akasema.

"Mama, usimtetee."

"Baba yako alimpa mwenyewe."

Nilimwambia hilo haliwezekani, alikufa bila kusema. Mama akatikisa kichwa. Akanisimulia taratibu, akiwa ameangalia mikono yake, kwamba kabla maradhi hayajamlaza baba alimwita binamu aje kutoka Makote. Alikuwa bado anatembea. Mama alikuwa palepale uani akimenya mihogo. Baba akaweka kiganja juu ya amplifaya akasema, "Hii ni ya kwetu, usiiache ikatoka." Binamu ndiye aliyeuliza, na binti yako je, si yeye ndiye anayepiga? Na baba akajibu kwamba binti yake ana kwao, kwao watampa.

"Mimi nikamuuliza tena usiku," mama akasema. "Nikamwambia, mtoto huyu umemfundisha wewe. Akaniambia nisimsumbue."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Mbona hukuniambia? Mwaka mzima, Mama."

"Ningekwambia siku ile, usingemlilia."

Alisema kweli. Nisingemlilia. Nilikumbuka jinsi nilivyolia, jinsi nilivyobebwa na wanawake nikigalagala, na nikataka kila chozi lirudishwe. Yule mjinga wa Makote alikuwa ameuliza habari zangu. Mtu asiyejua kodi hata moja alijua chombo kile kilikuwa cha nani. Baba alijua kuliko wote, kwa sababu masikio yake ndiyo yaliyonifundisha, na akafungua mdomo wake mzima, mwenye akili zake timamu, akanikana. Si desturi iliyonipokonya. Desturi haina mdomo. Ni yeye.

Watu wananiambia marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema. Nimeandika haya nikiwa bado nina hasira naye, na sioni dalili kwamba zitaisha.

Mama alisubiri nitulie, na sikutulia. Mwishowe akazungumza mambo ya kawaida, kama wanavyofanya wazee wakishamaliza kukuvunja. Akasema saruji ya msalaba bado mbichi, jua la kesho litaipasua, asubuhi niwahi kwenda kuimwagia maji.

Nikamwambia amtume mpwa wa marehemu.