Mita Kidevuni mwa Bibi

Bibi yangu amepigwa picha nyingi maishani, na katika zote hana uso. Sitanii. Kwenye picha ya ndoa yake, iliyopigwa ukimbizini Karagwe, babu anaonekana hadi mikunjo ya paji la uso. Pembeni yake limesimama gauni jeupe lenye doa jeusi juu. Babu alifariki kabla hatujarudi Rwanda. Picha yake inaning'inia peke yake sebuleni kwetu Nyakabanda, na bibi alitaka moja tu ya kwake, yenye uso, itundikwe hapo naye aione kabla macho yake hayajaisha.

Mimi nina kamera ya kizamani, ya filamu, isiyojua lolote kuhusu mwanga. Unaupima mwenyewe kwa mita ya mkononi. Nikajigamba: hiyo kazi ndogo, Bibi! Nikamsimamisha uani na mushanana wake mweupe, vazi letu la sherehe la kufunga begani, nikasimama mbali kama askari wa barabarani, nikamwelekezea mita, nikapiga. Filamu iliposafishwa, kila uzi wa mushanana ulionekana. Uso, doa.

"Nguo imependeza," bibi alisema, akanirudishia bahasha ya picha. Nikaenda kuomba ushauri.

Fundi mzee wa picha kule Muhima hakunihurumia.

"Bon. Wewe iko napima nguo, mutu hupimi. Ile nyeupe inadanganya mita, inafikiri mwanga iko mingi, basi uso inabaki giza."

Akasukuma kidude cheupe, mfano wa nusu ya mpira wa tenisi ya meza, kikafunika jicho la mita.

"Enda mpaka kwa uso yake. Weka kwa kidevu, iangalie kamera. Hapo itapima mwanga yenye inamufikia."

Jumapili, baada ya misa, nikaitega kamera kwenye stendi yake, nikamwendea bibi, nikamwekea mita chini ya kidevu.

Sasa, kwetu hakuna shughuli bila hotuba. Mtu akiona kitu chenye kichwa cha mviringo kinasogezwa mdomoni, anajua zamu yake imefika. Bibi akakohoa, akanyoosha mkono.

"Kwanza namshukuru Mungu," akaanza. "Pili nakushukuru wewe, mzee wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba hicho si kipaza sauti. Nikaiacha mita palepale. Alikuwa anamweleza babu kwamba tulifika nyumbani. Kwamba nyumba ina bati jipya, wajukuu wanasoma, ila huyu wa kamera hataki kuoa. Sindano ya mita ikatulia. Nikarudi kinyumenyume, nikazungusha namba nilizosoma huku nikijizuia kucheka, nikabofya. Bado alikuwa anaongea.

Picha ilitoka na mdomo wazi, mkono juu, macho yanang'aa, na uso mzima mzima, hadi kovu dogo la kwenye nyusi alilolipata utotoni. Nikaanza kumwomba radhi kwamba sikumngoja atulie. Hakunisikia.

"Yoo! Kumbe ndiyo hivi nilivyo!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile.

Nikachukua nyundo, nikaweka msumari karibu na babu. Bibi akanishika mkono, akanionyesha ukuta wa upande wa pili.

"Pale, tutazamane. Hotuba yangu sijaimaliza."