Nilimpeleka Bimkubwa kwenye milima ya Himalaya, nikaishia kutafuta sufuria la shangazi

Wakuu, habari za mchana.

Haya yamenipata mwenyewe, sikutia chumvi hata punje, na bado yananichoma kila nikilikumbuka sufuria lile.

Mimi Mzanzibari, naishi Hayes, London, napakia mizigo kwenye warehouse karibu na airport. Nakaa na Bimkubwa wangu, mama mzazi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili daktari alimwambia presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uoni wake, na kilichobaki kitaondoka pole pole. Alikuwa anaona mwanga, rangi na maumbo makubwa tu. Mimi mwenyewe alinijua kwa sauti.

Hakulia. Alisema anataka kuuona mlima wa kalenda.

Kisa chenyewe: utotoni kwake Ng'ambo, Unguja, duka la Mhindi wa mtaani lilikuwa na kalenda yenye picha ya mji uliokaa juu ya mgongo wa kilima, nyumba zimepandana, na nyuma yake mlima mweupe pe. Akitumwa sukari, anaduwaa pale mpaka anasahau sukari.

Bi Kanta, mwenye duka la viungo Kenton, huku huku London, naye kazaliwa Unguja na kalenda ile anaikumbuka. Akamwambia Bimkubwa:

"Almora ile, dada. Kaskazini ya India. Watu wa ngoma na mahekalu. Lakini msende Agosti, mvua na ukungu tupu."

Nikaomba annual leave. Nikapewa Agosti.

Hilo kosa la kwanza, namwachia supervisor. La pili ni langu.

Wenzangu mnajua, kwetu mtu hasafiri peke yake, anasafiri na maagizo ya ukoo mzima. Habari ilipovuja tu, simu haikunyamaza. Shawl kumi na moja. Mafuta ya nywele. Halua ya huko ya maziwa. Watu ambao Idi nzima hawakunitafuta!

Halafu Shangazi Zuwena, dada wa marehemu baba. Yeye alitaka sufuria la shaba, kwa kuwa kasikia Almora wana mafundi.

"La kufuliwa kwa mkono, vishikio viwili. Usinletee la kiwandani."

Nikajibu inshallah. Uso umeumbwa na haya, wakuu, na wangu umeumbwa na haya mara mbili.

Ndege mpaka Delhi, treni, kisha jeep ya kupanda kona baada ya kona. Bimkubwa akatapika mara mbili, asilalamike.

Tukafikia lodge yenye baraza inayotazama kaskazini. Tulikuwa na siku nne. Mbele yetu ukungu, kama mtu katundika shuka.

Bimkubwa akanishika mkono. "Ukifunguka, ukae na mimi unambie upi mlima na upi wingu. Macho yangu peke yake hayajui tena."

Nikamwahidi.

Siku ya kwanza ukungu. Ya pili ukungu. Kila tukishakunywa chai barazani nashuka bazaar na list. Mji mzuri ajabu, njia za mawe, milango ya mbao iliyochongwa, ngoma zinasikika hekaluni. Mimi nimeuona juu juu, begani nina mfuko wa shawl za watu.

Siku ya tatu fundi shaba niliyemwagiza akasema sufuria litakuwa tayari kesho asubuhi. Kesho ndiyo siku yetu ya kuondoka.

Asubuhi Bimkubwa akaniambia, "Liache hilo sufuria, mwanangu."

"Dakika ishirini tu, Mama."

Nafika, kishikio cha pili hakijatiwa. Nikakaa ndani ya karakana karibu saa nzima, nyundo zinalia masikioni, nimefura kwa hasira. Nilipotoka niliona kivuli changu ukutani.

Jua!

Nikapanda vile vilima mbio, sufuria kichwani, pumzi sina. Nafika barazani, ukungu umeshafunga.

Bimkubwa alikuwa amesimama, kashika ukingo kwa mikono miwili.

"Nilikwita," akasema. "Kuna kitu cheupe kilitoka, kikubwa, juu kabisa. Kikakaa kidogo, kikaondoka. Ulikuwa mlima, au wingu?"

Wakuu, mimi nilikuwa karakana. Sijaona kitu.

"Ulikuwa mlima, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa.

Mwenye lodge alikuwa jikoni, hatua kumi tu. Ningeweza kumuuliza. Niliogopa jibu.

Shangazi alilipokea sufuria, akaligeuza, akasema ni dogo. Leo liko mlangoni kwake, anawekea miavuli. MIAVULI!

Nilichojifunza: sema hapana mapema, watu wanune, hasira zitawaisha. Mtaka kuwaridhisha wote humkosa aliye wake. Ahadi ya mzazi haichanganywi na list ya mtu.

Bimkubwa sasa haoni kabisa. Akija mgeni, kabla chai haijamiminwa, anamsimulia mlima wa Almora, weupe wake na urefu wake. Akimaliza ananinyooshea kidole niliko, kwa kufuata sauti.

"Muulizeni huyu. Ndiye aliyenambia."

Nami naitikia.

Haya, leteni maoni, na wa kunitukana anitukane. Ila kwanza mniambie: nyinyi mngemjibu nini?