Kiti cha Mwenyeji

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu, yaani mkuu, wa kituo cha wageni cha Kirotshe alinitoa jikoni, nilikoajiriwa kuosha vyombo, akanionyesha gari lililosimama uani.

"We mutoto, unajua kupanga bantu?"

"Ninajua, Shefu."

"Basi panga hawa wageni mu gari."

Niliwapanga vizuri, wanene mbele, wembamba nyuma, mizigo chini ya miguu, mpaka pasibaki nafasi hata ya kikapu. Shefu alilizunguka gari akifuta miwani yake kwa shati.

"Umejaza."

"Ndiyo, Shefu."

"Sasa mwenyeji atakaa wapi? Juu ya kichwa yako?"

Akamwondoa mgeni mmoja kwenye kiti cha kando ya dereva na kumsukuma nyuma, katikati ya wenzake. Ndivyo nilivyojifunza jambo la kwanza la kazi ya kupanga matembezi. Kila gari letu lilitoka na kiti kimoja kitupu. Katika kila kipande cha njia alipanda mtu wa pale anayejulikana: katekista, mfugaji, mama wa sokoni. Alisafiri nasi mpaka mwisho wa nchi ya watu wake, akiwasalimu wote dirishani na kueleza wageni ni akina nani na wanakwenda kutazama nini. Kisha alitukabidhi kwa mwingine, akarudi kwake na chumvi yake, ndiyo malipo yake. Gari lisilo na mwenyeji lilikuwa gari la watu wasiojulikana, na kwetu mtu asiyejulikana hapelekwi kutazama kitu cha watu.

Niliingia kazini mapema kuliko nilivyotaka. Wazazi wetu walikufa wakifuatana, nami nilikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Niliacha shule ili wadogo zangu wabaki shuleni. Wa mwisho, Furaha, alikuwa akisoma huku kitabu kimegusa pua. Nilimpeleka hospitali, na daktari akaniambia kwamba mwanga wa macho yake ungeendelea kupungua polepole, na hakuna miwani itakayourudisha.

Baba alikuwa mtoto wa msitu wa Walikale aliyepanda Masisi kwa ajili ya ndoa. Alikuwa akituhadithia maporomoko ya maji alikooga utotoni. Sisi wengine tuliyasikiliza kama tunavyosikiliza mambo ya wazee. Furaha aliyashika.

"Yaya," aliniambia tulipotoka hospitali, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "ile maji ya baba, nataka niione wakati ningali naona."

"Nitakupeleka."

Nilipotoka jikoni nikawa mpangaji. Kupanga matembezi hakukuwa kuandika tu majina ya mahali pazuri. Kwanza uliita kwenye fonia, ile redio ya kuzungumza kutoka kituo hadi kituo, ukauliza kama jana mvua ilinyesha. Ikinyesha, bariere ya mvua inafungwa, yaani mti unalazwa barabarani ili malori yasiikate njia ikiwa laini, na wewe unangoja hata kama wageni wako ni wakubwa wa serikali. Halafu uliuliza habari za burbie, yale madimbwi ya tope yanayomeza lori mpaka milango. Shefu wa Kirotshe hakuamini ramani. "Karatasi inasema barabara iko wazi tangu mukoloni," alikuwa akisema. "Uliza mama wa mihogo. Yeye njo alipita asubui."

Nilihamishiwa Bweremana, ambako Shefu wa gati alinifundisha kuwavusha wageni ziwani asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kisha Masisi, kwenye milima ya majani na ng'ombe, ambako wageni walikula jibini wakasahau kupiga picha. Mwisho nikapelekwa Walikale, chini ya Shefu wa safari, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye maporomoko ya baba. Jina la maporomoko hayo silitaji hapa, kwa sababu si langu kulitoa. Kuna majira ambayo wenyewe walifunga njia kwa ajili ya mila za vijana wao, na sisi hatukuuliza. Njia ilipokuwa wazi, mwenyeji wa mwisho alikuwa mrina asali mmoja mzee, tuliyemwita Papa Asali.

Maji yale husikika mapema sana kabla ya kuonekana. Kwanza unadhani ni mvua inakuja juu ya miti, unatafuta mahali pa kujikinga. Halafu wageni wananyamaza mmoja mmoja, hata wale wasiojua kunyamaza.

Kila majira ya kiangazi Furaha aliuliza, na kila mara magari yalikuwa yamejaa. Kilichobaki ni kiti kimoja tu, nacho hakikuwa changu kumpa.

Kisha akaja Direkta mpya kutoka mjini. Alikuwa mcheshi, na alitupenda kwa namna yake. Lakini kile kiti kilimuwasha.

"Kiti ya bure inafanya nini mu gari yangu?"

"Iko ya mwenyeji, Direkta," akajibu Shefu wa safari.

"Mwenyeji atatufuata na pikipiki. Sisi hatubebe hewa."

Kiti kikapewa mgeni. Katika safari hiyohiyo, tulipokuwa tunaanzia Kirotshe, mgeni mwingine aliugua akabaki, na Direkta, aliyekuwa amesikia habari za macho ya mdogo wangu, akasema, "Muite dada yako." Nilikimbia nyumbani kumwita. Furaha alivaa kitenge chake cha Noeli, na njia nzima aliniuliza rangi ya kila kitu alichokipita haraka mno.

Tulifika kijiji cha mwisho. Pikipiki iliyombeba mwenyeji ilikuwa imebaki nyuma, imezama kwenye burbie. Papa Asali alitoka nyumbani kwake na fimbo, akaja mpaka dirishani, akatutazama tulivyobanana.

"Gari yenu imeshiba," alisema. "Basi muende."

Lakini hakuna aliyeinua mti uliolala njiani. Vijana walikaa juu yake wakimenya karanga. Dereva alizima injini. Wageni walianza kuulizana kwa lugha yao, na Direkta akakohoa.

Nilijua anayepaswa kushuka ni nani. Njia ilikuwa moja, dereva aliijua kunishinda, na wageni hawakunihitaji ili wayaone maji. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Wewe hapana," Direkta alisema. "Mupangaji haiko mutu wa kushuka. Kukiwa shida, nani atajibu?"

Mkono ukabaki pale. Mlango uliofunguka ni wa upande wa pili.

"Furaha, unaenda wapi?"

"Kiti iko ya mwenyeji, yaya. Si wewe njo ulitufundisha?" Alikuwa ameshakanyaga chini, akitafuta kwa mguu mahali pakavu. "Tutarudi kiangazi ingine. Muniletee maji mu chupa."

Papa Asali alipanda, akamshukuru kwa Kinyanga, lugha ya baba, ambayo Furaha hakuijua. Mama aliyekuwa akichoma ndizi alimsogezea kigoda. Vijana wakainua mti.

Tuliporudi nilimpa chupa. Aliinusa, akaitikisa karibu na jicho.

"Iko namna gani, yaya?"

Mimi ndiye niliyewaeleza wageni wengi maji yale kabla hawajayafikia.

"Iko mingi," nikasema.

Alicheka mpaka mama wa ndizi naye akacheka. "Hii njo kazi wanakulipia?"

Kiangazi kingine hakikuja. Vita vilifunga barabara, wageni wakaacha kuja, Direkta akarudi mjini na kituo kikafungwa. Hakuna aliyeniaga kazini. Siku moja nilizungumza kwenye fonia na hakuna aliyejibu.

Siku hizi vijana wa Kirotshe huja kuniuliza kazi hii ilifanywaje, ili barabara ikifunguka waianze upya. Baadhi yao walizaliwa katika kukimbia, nao wanaijua milima ya babu zao kwa majina tu. Ninawaambia waulize mvua, wamuulize mama wa mihogo, na kiti wakiache kitupu hata mkubwa akikasirika. Furaha hukaa barazani akisikiliza. Sasa anaona mlango ukiwa wazi tu, na mtu akisimama hapo anaona giza lake.

Juzi vijana walipoondoka aliniuliza, "Yaya, ulisema ile maji inasikika mbele ya kuonekana?"

"Mbele sana."

"Basi safari yangu haijaisha. Ile siku nitakaa wapi?"

"Ku dirisha, kando yangu. Ile ya dereva iko ya mwenyeji."

"Na bakijaza tena?"

"Bakijaza, nitashuka."

Alinyoosha mkono akaushika wangu, kama anayeupima kama utafungua mlango.

"Tutaona," akasema.