Gari Lililopumulia Kwapani

Nimehama miji mingi, lakini harufu ya petroli isiyoungua vizuri hunirudisha Kasense kila mara, kwenye pikapu kuukuu ya baba iliyolipuka kama bunduki ikiteremka mlima.

Zamani haikuwa hivyo. Ilianza baba alipoitoa ekzosi, bomba la moshi, iliyoliwa na kutu akafunga nyingine, aliyoichagua mwenyewe mjini na kuileta begani kama mwindaji aliyepata swala. Tangu hapo, akiachia pedali ya mafuta mteremkoni tu: pwaa! Siku moja ng'ombe wa jirani walitimka na plau.

Bibi, mama yake mama, aliishi nasi. Mdogo wake alikuwa mgonjwa huko Chala, naye alitaka kumwona wangali wote hai.

"Lakini bunduki sipandi," alisema.

Aliniambia mimi. Nyumbani kwetu mkwe na mkwewe hawakusemezana moja kwa moja. Maneno yalipitia kwangu, hata wakiwa wanaota moto mmoja.

"Mwambie baba yako, mgonjwa hangoji fundi."

"Mwambie bibi yako, natengeneza."

Nami niliyapunguza makali njiani, ingawa njia yenyewe ilikuwa fupi kuliko mwiko wa ugali.

Baba alisafisha plagi. Akafungua kabureta, akaifunga, akaifungua tena. Aligusa kila kitu isipokuwa ekzosi yake mpya. Habari ikaja kwamba mgonjwa sasa anakataa hata uji.

Kulipokucha, kwenye baridi ile ya kwetu ambayo hata ng'ombe hutoa moshi puani, baba aliwasha gari, boneti wazi. Bibi alisogea na blanketi lake, akachungulia.

"Mwambie baba yako, gari lake linapumulia kwapani."

Nilicheka mno hata nikasahau kulainisha. Nikalipeleka neno lilivyo.

Baba akainama. Pale bomba lilipoungana na injini, mvuke mweupe ulikuwa ukichomoza pu, pu, pu, na chuma kimeingia masizi. Alikuwa amefunga ekzosi mpya na kurudishia gasketi ya zamani, ile pete ya kuziba kiungo, kwa kuwa ilionekana nzima, na kwake kizima hakikutupwa. Mteremkoni hewa ilipenya hapo, ikakutana na petroli ndani ya bomba la moto, ikalipuka.

Alinunua gasketi mpya, tukaondoka. Kwenye mteremko wa kwanza baba aliachia mafuta. Niliziba masikio. Upepo tu.

"Mwanangu," Bibi akamwambia baba, yeye mwenyewe, "ongeza mwendo."

"Sawa, mama."

Tulimkuta mdogo wake Bibi angali hai, ameegemea ukuta, macho mlangoni.

Baada ya safari ile hakuna aliyenituma tena, nami nilinuna, nikaona nimenyang'anywa kazi. Imenichukua miaka, na wakwe zangu mwenyewe, kuelewa kwamba gasketi nyingine ya zamani nyumbani mle ilikuwa mimi. Nilionekana mzima, na nilidhani naziba vizuri.