Siku Nilipopewa Kadi ya Kukopea

Mwanangu, nakumbuka siku niliyopewa kadi yangu ya kwanza ya kukopea. Nilikuwa msichana mbichi, sijatimiza hata miaka kumi na minane, nimeanza kazi kwenye kiwanda cha nguo huku Temeke. Miaka ile ya Ujamaa kiwanda kilikuwa na duka lake la ushirika. Ukishathibitishwa kazini, unapewa kadi ya karatasi ngumu yenye jina lako. Unachukua kitu leo, mwisho wa mwezi wanakukata kwenye mshahara.

Njia nzima ya kurudi nyumbani niliitoa, nikaitazama, nikairudisha. Nilijiuliza, karatasi hii ina nini hata mtu anipe kitu bila hela? Kesho yake nikaijaribu kwa mche wa sabuni. Muuzaji, tuliyemwita Ndugu Mbaraka, akaandika, akanirudishia kadi. Nikabaki nimesimama.

"Ndiyo basi?" nikamwuliza.

"Ndiyo basi, dada. Mpishe mwenzio."

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa, aliyetoka Lindi zamani na kunilea tangu nije mjini. Nilipomwonyesha ile kadi nilidhani atafurahi, au atanigombeza. Wapi. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaigeuza huku na huku, akainusa.

"Kwa hiyo kiwanda ndicho kinachokulipia?"

"Nalipa mie, shangazi. Ila baadaye."

"Na ukiumwa mwezi ujao, ukalala kitandani, nayo inaumwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Hakuwa ananisema, alitaka kujua kweli. "Kaulize," akasema. "Mie sijui, na wewe hujui, na sabuni umeshaichukua."

Wakati huo nilikuwa na jambo langu moyoni. Dukani zilikuwa zimekuja redio, na mwenzangu wa mashineni, Zuhura, tulikubaliana kila mmoja achukue yake. Basi nikampelekea Ndugu Mbaraka swali la shangazi. Alinitazama kama nimemwuliza mvua inauzwa wapi.

"Tangu nikae hapa hakuna aliyeniuliza," akasema. Akaingia ndani kwa meneja, akatoka na jibu. "Ukiumwa, deni linakungoja. Kiwanda kikisimama, deni halisimami."

Nikamweleza Zuhura. Akaniambia, "Wewe na shangazi yako mnaugua kabla ya homa." Akachukua redio. Mie nikachukua doti ya kanga, ya kumaliza kulipa mwezi uleule. Sikudanganyi, redio ile niliionea wivu. Jioni nilikuwa naenda chumbani kwake, tunacheza muziki pekupeku mpaka mwenye nyumba anagonga mlango.

Kisha mashine zikakosa vipuri. Tukarudishwa nyumbani kwa nusu mshahara, na hakuna aliyejua mpaka lini. Zuhura alikatwa vilevile, na kilichobaki hakikutosha kodi ya chumba. Akamwuzia redio jirani wa chumba cha pili kwa bei ya kutupa. Makato yakaendelea. Jioni moja tulikuwa tumekaa mkekani kwake, redio inaimba ng'ambo ya ukuta. Zuhura akaisikiliza kidogo, akasema taratibu, "Ile naendelea kuilipia mie."

Shangazi aliposikia, alimwita awe anakula kwetu, na akala mpaka kiwanda kilipofunguliwa. Hakumwuliza neno juu ya redio.

Leo wewe umeniletea kadi ya kukopea ya benki, inang'aa, unaniuliza uikubali au uikatae. Sikukatazi, mwanangu. Ile yangu niliitumia miaka mingi, ikanipa cherehani, na cherehani ikanisaidia kulea. Itumie. Lakini kabla hujaweka sahihi, waulize wenyewe, wala usione haya: nikikosa kazi itakuwaje? Nikichelewa kulipa mnaniongezea nini? Wakikujibu kwa haraka haraka, uliza tena. Anza na kitu kidogo uone inavyokwenda. Usichukue kitu kwa kuwa mwenzio amechukua. Na rafiki yako akikwama, usimkumbushe ulivyomwonya. Mwekee sahani, muda wa maneno utakuja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali, akupe kazi isiyokatika, na kila utakachokiingiza ndani kwako kikae kikufae, wewe na watoto wako.